Gari la Umeme Lenye Mbio, Lililotumika Kidogo: Pesa Yako Ifuate Ushahidi

Gari lako dogo la petroli limekutoa mbali, na sasa unataka kupanda daraja. Macho yako yako kwa gari la umeme, na si lolote tu, ni lile lenye mbio. Tesla Model 3 Performance, kwa mfano, hufika kasi ya kilomita 100 kwa saa kwa zaidi kidogo ya sekunde 3. Jipya ni ghali, lakini lililotumika kidogo huwa limeshuka bei kiasi cha kukufanya uanze kupiga hesabu.

Sawa, tupige hesabu pamoja. Kazi yetu ni malipo ya simu, hatuuzi magari, kwa hivyo tutakaa upande tunaoujua: pesa inatoka lini, inaenda kwa nani, na umeona nini kabla haijatoka. Gari kama hili ni mamilioni ya shilingi, na pesa iliyotumwa mapema ni ngumu kuirudisha.

Unachonunua hasa ni betri

Kwa gari la petroli tunauliza injini. Kwa gari la umeme, betri ndiyo sehemu ya bei kubwa zaidi, na uwezo wake hupungua kwa miaka na matumizi. Mita ikisoma kilomita chache, usishangilie bado. Gari lenye mbio linaweza kuwa limetembea kidogo lakini kwa fujo: kukanyagwa hadi mwisho kila safari, kuchajiwa haraka kila siku, au kuachwa juani wiki nzima betri ikiwa imejaa. Joto ni adui wa betri.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Omba gari lichajiwe hadi asilimia 100, kisha usome kilomita linazoonyesha kwenye skrini. Lililoonyesha kilomita 500 likiwa jipya na sasa linaonyesha 440, limepoteza karibu asilimia 12. Hayo ni makadirio tu, kwa hivyo mlipe fundi anayeelewa magari ya umeme aunganishe kifaa chake, asome hali ya betri na akupe majibu kwa maandishi. Ada yake ni kidogo sana ukilinganisha na bei ya betri mpya.

Uliza pia waranti. Watengenezaji wengi hutoa miaka 8 kwa betri, lakini waranti hiyo ilitolewa katika nchi ambako gari liliuzwa mara ya kwanza. Muuzaji akisema bado inafanya kazi hapa Kenya, akuonyeshe barua.

Litachajiwa wapi?

Sheria zetu zinataka gari la kuagizwa liwe la usukani wa kulia na lisizidi miaka 8. Ndiyo maana mengi hutoka Japani na Uingereza. Lakini tundu la kuchajia halifanani. Magari ya Uingereza ya miaka ya karibuni kwa kawaida yana tundu la CCS2, huku mengi ya Japani, kama Nissan Leaf, yakitumia CHAdeMO. Kabla ya kulipa, nenda kwenye kituo cha chaji unachopanga kutumia uone kama waya wake unaingia.

Nyumbani, soketi ya kawaida inaweza kuchukua saa 30 hivi kujaza betri ya uniti 75. Kifaa cha ukutani cha kilowati 7 kitachukua saa 11 hivi. Usiogope, maana mtu anayeenda kilomita 40 kwa siku anahitaji uniti 8 hivi tu, na usiku mmoja unatosha hata kwa soketi. Shida ni kwa anayeishi kwenye nyumba ya kupanga. Ongea na landilodi na umwite fundi wa stima akague nyaya kabla hujanunua, ndiyo usije ukaegesha gari la mamilioni ukikosa pa kulichaji.

Mwenye gari ni nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ingia eCitizen, nenda huduma za NTSA, utafute rekodi ya gari kwa nambari yake ya usajili. Ada ni shilingi 550. Linganisha jina la mmiliki na kitambulisho cha anayekuuzia, na nambari ya chesi na ile iliyo kwenye gari lenyewe. Ukiona jina la benki, jua kuna mkopo. Usilipe hadi benki yenyewe ithibitishe kwamba deni limekwisha. Na kumbuka, ada za eCitizen hulipwa kupitia Paybill 222222. Mtu akikuambia utume ada ya serikali kwa nambari yake binafsi, hapo kuna jambo.

Kuna umiliki wa pili ambao wengi husahau. Gari kama hili huunganishwa na programu ya simu inayoweza kulifungua na kuonyesha liliko. Ni kama laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine: wewe unaitumia, lakini mamlaka yako kwake. Hakikisha muuzaji ameliondoa gari kwenye akaunti yake na wewe umeliingiza kwenye yako, mkiwa pamoja, kabla ya malipo ya mwisho.

Lipa kwa hatua

Kanuni yetu ni moja: kila malipo yatanguliwe na ushahidi.

1. Kabla hujaliona gari, usitume chochote. "Tuma kidogo nikuwekee, kuna mtu mwingine anakuja jioni" ni wimbo wa matapeli. Kama kweli kuna mtu mwingine, mwache anunue.

2. Ukishaliona, ukaliendesha na rekodi ikawa safi, lipa arubuni ndogo. Kwanza mwandikiane mkataba unaosema kiasi, nambari ya chesi, na kwamba pesa itarudi betri ikishindwa ukaguzi.

3. Unapotuma kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likitofautiana na la mkataba, simama. Kama ni yadi, lipa kwa Paybill au Till yenye jina la biashara hiyo. Hifadhi ile SMS, ni risiti yako.

4. Salio kubwa lipitie benki. Pochi ya simu hubeba hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Kukatakata milioni kadhaa kwa siku nyingi ni kujitafutia mkanganyiko. Malipo ya benki yanayozidi shilingi milioni 1 hupitia RTGS.

5. Muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye mtandao wa NTSA, nawe uukubali kwa akaunti yako. Mkutane benki, yeye na simu yake, wewe na yako, mmalize yote mkiwa mmekaa meza moja.

Baada ya kununua

Chukulia stima ni shilingi 30 kwa uniti na petroli ni 180 kwa lita. Kilomita 100 zitakula uniti 20 hivi, yaani shilingi 600. Gari la petroli linaloenda kilomita 10 kwa lita litakula shilingi 1,800. Weka bei za tokeni na petroli za kwako uone tofauti.

Lakini usile faida yote. Gari hili ni zito na lina nguvu nyingi, kwa hivyo humaliza tairi haraka, na tairi zake zenye kuta fupi haziyapendi mashimo ya barabara zetu. Bima kamili ya gari la bei hii nayo si ndogo. Ulizia bei ya tairi nne na bima ya mwaka mmoja sasa, kabla hujasaini. Kisha kila mwezi weka kando sehemu ya kile ulichookoa kwenye petroli, kwenye akaunti ya akiba ya simu yako, ndiyo siku tairi zikiisha usianze kutafuta mkopo.

Na kama muuzaji anakuharakisha hata baada ya kusoma haya, mwambie tu: pesa ipo, nasubiri ripoti ya betri.