Mtaalamu wa Uendelevu Hospitalini: Kazi Yake ni Ipi, na Inamhusu Vipi Mgonjwa?

Neno "uendelevu" limeingia katika nyaraka za hospitali zetu kwa kasi kuliko maana yake. Linaonekana katika mipango mkakati, katika maandiko ya kuombea fedha na katika mabango ya makongamano. Lakini ukimuuliza muuguzi wa zamu, au mgonjwa aliyelazwa, neno hilo linamhusu vipi, mara nyingi hupati jibu. Makala haya yanaeleza kazi ya mtu ambaye hospitali katika nchi kadhaa zimeanza kumwajiri au kumteua miongoni mwa watumishi wake, yaani mtaalamu wa uendelevu. Ninaandika nikiwa daktari bingwa wa usingizi na ganzi, fani ambayo, kama itakavyoonekana hapa chini, ina deni lake katika suala hili.

Kwa maneno mepesi, mtaalamu huyu ana jukumu la kuhakikisha kwamba tiba inayotolewa leo haiwadhuru watu wengine nje ya wodi, wala haidhoofishi uwezo wa hospitali hiyo hiyo kutibu kesho. Sehemu ya kwanza ya jukumu hilo inahusu moshi, gesi, taka na majitaka. Sehemu ya pili inahusu umeme, maji, vifaa na fedha. Watu wengi huifikiria ile ya kwanza tu, na hapo ndipo kazi huanza kueleweka vibaya.

Sekta ya afya duniani huchangia kati ya asilimia 4 na 5 ya gesijoto zote zinazotokana na shughuli za binadamu. Ripoti ya shirika la Health Care Without Harm ya mwaka 2019 iligawa mchango huo katika mafungu matatu: asilimia 17 hutoka moja kwa moja katika vituo na magari ya huduma za afya, asilimia 12 hutokana na nishati inayonunuliwa, hasa umeme, na asilimia 71 hutokana na mnyororo wa ugavi, yaani utengenezaji, usafirishaji na utupaji wa dawa, vifaa na bidhaa nyingine. Uingereza ndiyo iliyokwenda mbali mapema. Mwaka 2020 mamlaka ya huduma ya taifa ya afya ya England ilitangaza kwamba itaondoa kabisa mchango wake halisi wa moja kwa moja ifikapo 2040 na ule wa mnyororo wa ugavi ifikapo 2045, na mwaka 2022 wajibu huo ukaingizwa katika sheria.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayo haki ya kuuliza: sisi tunahusikaje? Zahanati isiyo na umeme haina gesijoto ya kupunguza. Hoja hiyo ni ya kweli, na mtaalamu yeyote anayekuja kwetu na orodha iliyoandikwa kwa ajili ya London atapoteza muda wake na wetu. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao bilioni moja katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini wanahudumiwa na vituo visivyo na umeme au vyenye umeme usioaminika, na kwamba ni takriban nusu tu ya hospitali za Afrika kusini mwa Sahara zenye umeme wa uhakika. Katika mazingira hayo, uendelevu maana yake ya kwanza ni huduma kutokatika: kikokono cha oksijeni kisizimike katikati ya usiku, chanjo zisiharibike, mama mwenye uchungu asizalishwe kwa mwanga wa simu.

Chukua mfano wa umeme wa jua. Paneli hufungwa, sherehe hufanyika, na picha hupigwa. Miaka michache baadaye betri zinachoka, kwa kuwa betri za risasi na tindikali hazidumu sana katika joto, na mfumo mzima unabaki kuwa pambo la paa. Mwenye kazi ya uendelevu ndiye anayepaswa kuuliza kabla ya mkataba kutiwa saini: nani atanunua betri mpya, kwa fedha za kifungu kipi, na zile za zamani zenye risasi zitapelekwa wapi? Maswali hayo si ya kishujaa, lakini yasipoulizwa mwanzoni hujiuliza yenyewe baadaye, kwa kawaida wakati mtoto yuko kwenye oksijeni.

Kazi yake ya kila siku ni kupima kwanza, kabla ya kushauri. Hukusanya takwimu ambazo tayari zipo lakini zimelala katika ofisi tofauti: ankara za umeme na maji kwa mhasibu, lita za dizeli ya jenereta kwa mhandisi, chupa za dawa za usingizi kwa mfamasia, kilo za taka kwa afisa afya wa mazingira, oda za glavu kwa afisa ugavi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeona picha nzima. Akishaziweka pamoja, mara nyingi hugundua kwamba tatizo kubwa haliko pale kila mtu anaponyooshea kidole.

Fani yangu inatoa kielelezo kizuri. Dawa za usingizi za kuvuta, kama isoflurane, sevoflurane na desflurane, hazibadilishwi sana na mwili. Karibu zote hutoka na pumzi ya mgonjwa na, kupitia bomba la kutolea gesi, huishia angani. Uzito kwa uzito, desflurane hunasa joto takriban mara 2,500 zaidi ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100, ilhali sevoflurane iko karibu na mara 130 hadi 145. Chupa moja ya desflurane ya mililita 240 ikiisha, athari yake inakaribia kilo 890 za hewa ukaa, sawa na kuchoma zaidi ya lita 300 za dizeli. Kwa kuwa zipo dawa mbadala zinazofaa kwa wagonjwa karibu wote, Scotland iliacha kuitumia mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya umeizuia kuanzia Januari 2026 isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kitabibu.

Katika vyumba vyetu vingi vya upasuaji desflurane haikuwahi kufika, kwa hiyo somo letu liko kwenye gesi ya zamani zaidi, nitrasi oksidi, inayoitwa pia gesi ya kuchekesha. Uzito kwa uzito ina nguvu ya takriban mara 270 ya hewa ukaa, na hubaki angani kwa zaidi ya miaka 100. Huko Edinburgh, mfamasia Alifia Chakera na wenzake walilinganisha kiasi cha gesi hiyo kilichonunuliwa na hospitali na kiasi kilichotumika kweli kwa wagonjwa. Waligundua kwamba sehemu kubwa kabisa haikuwa ikimfikia mgonjwa yeyote. Ilikuwa ikivuja kwenye mabomba na mitungi mikubwa ya akiba, au kubaki hadi muda wake kupita. Kilo 10 tu zikivuja, athari yake inalingana na kuchoma zaidi ya lita 1,000 za dizeli. Ufumbuzi haukuhitaji teknolojia mpya: kufunga mfumo wa mabomba na kutumia mitungi midogo iliyofungwa kwenye mashine. Tafadhali angalia kwamba aliyeligundua jambo hili hakuwa daktari wa usingizi. Sisi tulikuwa tukitazama kipimo kilicho mbele yetu. Yeye alitazama daftari la manunuzi.

Hapa lazima niweke mpaka. Njia mojawapo ya kupunguza upotevu wa dawa za usingizi ni kushusha mtiririko wa gesi safi, tuseme kutoka lita 6 kwa dakika hadi lita moja au chini yake. Ni njia nzuri na huokoa fedha nyingi. Lakini inahitaji mashine yenye mzunguko uliofungwa, chokaa ya kunyonya hewa ukaa ambayo haijachoka, na kipimo kinachoonyesha kiwango cha oksijeni na cha hewa ukaa anayotoa mgonjwa. Palipo na mashine ya kawaida ya kuvutia hewa, au pasipo na kipimo hicho, mtiririko usishushwe. Mgonjwa aliyelala mezani hawezi kulipia kwa ubongo wake akiba ya mililita chache. Kwa upande mwingine, ganzi ya uti wa mgongo, ambayo tayari ndiyo chaguo la kawaida kwa upasuaji mwingi wa kujifungua, haitumii gesi ya usingizi kabisa. Yaani mara nyingine tunafanya jambo la uendelevu bila kuliita hivyo.

Taka ndizo uwanja ambapo mtaalamu huyu anaweza kuonyesha matokeo haraka zaidi katika hospitali zetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni za kawaida, kama zile za nyumbani, na asilimia 15 tu ndizo hatarishi. Lakini pamba moja yenye damu ikitupwa katika ndoo ya maganda ya ndizi na maboksi ya dawa, ndoo nzima inageuka kuwa taka ya kuambukiza, na yote itapelekwa kwenye tanuri. Tanuri nalo linahitaji joto la nyuzi 850 hadi 1,100 za Selsiasi ili kuunguza vizuri. Matanuri madogo ya matofali yaliyoko nyuma ya hospitali nyingi hayafikii joto hilo kwa uhakika, hasa yakilishwa taka mbichi na kuni chache. Mipira ya dripu na mirija iliyotengenezwa kwa plastiki ya PVC ikiungua kwa joto dogo hutoa daioksini na furani, sumu zinazokaa katika udongo, maziwa na mayai, na zinazohusishwa na saratani. Wanaovuta moshi huo ni mchomaji taka, wauguzi wa wodi iliyo karibu, na majirani wa ukutani.

Mbadala upo: mashine za mvuke wenye shinikizo, zinazoua vimelea bila kuchoma. Mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ulizipeleka katika vituo vya afya vya Tanzania, Ghana, Madagascar na Zambia, pamoja na kuondoa vipimajoto na vipima shinikizo la damu vyenye zebaki. Hata hivyo, mashine ya mvuke haiwezi kusahihisha utenganishaji mbovu. Kazi halisi hufanyika kando ya kitanda, sekunde ile muuguzi anapoamua ndoo ipi. Mtaalamu anayebaki ofisini akiandika miongozo hataibadilisha sekunde hiyo. Anayezunguka wodini, akakuta kwamba ndoo ya taka za kawaida iko mita kumi kutoka kitandani na ile ya taka za kuambukiza iko miguuni pa muuguzi, ataibadilisha kwa kusogeza ndoo.

Kuna pia mambo yasiyogharimu chochote. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street jijini London ilianza mwaka 2018 kuwaelimisha watumishi wake kuhusu ni wakati gani glavu hazihitajiki, na ndani ya mwaka mmoja ikaepuka takriban tani 21 za plastiki. Glavu zinahitajika palipo na damu, majimaji ya mwili au kemikali. Hazihitajiki kumpima mgonjwa shinikizo au kumsogeza kiti, na haziwi mbadala wa kunawa mikono. Katika vituo vyetu tatizo mara nyingi ni kinyume, glavu zinaisha kabla ya mwezi kuisha. Basi zilizovaliwa bure Jumatatu ndizo zinazokosekana kwa mkunga siku ya Ijumaa.

Mgonjwa anayesoma haya anaweza kuhofia kwamba uendelevu ni jina jipya la kubana matumizi. Hofu hiyo si ya kijinga, kwa sababu wapo viongozi watakaolitumia hivyo. Kipimo cha kutofautisha ni rahisi: badiliko lolote linaloshusha ubora wa tiba yako si uendelevu, na unayo haki ya kuuliza sababu yake. Mfano ni dawa za pumu za kupuliza. Kopo la kawaida la salbutamo lina gesi ya kusukumia yenye nguvu kubwa ya kunasa joto, na zipo dawa za unga zisizo na gesi hiyo. Lakini dawa ya unga inahitaji pumzi ya nguvu, haimfai mtoto mdogo wala mtu aliyebanwa sana, na haipatikani kila mahali. Usiache wala kubadilisha dawa yako ya pumu kwa sababu ya hewa. Pumu iliyodhibitiwa vizuri hutumia makopo machache na siku chache za kulazwa. Mgonjwa na mazingira wanafaidika kwa njia ileile.

Yapo machache unayoweza kufanya mwenyewe. Usidai sindano pale ambapo kidonge kinatosha. Imani kwamba sindano ina nguvu zaidi huzalisha bomba, sindano, kasha na hatari ya maambukizi bila faida. Dawa zilizobaki usizimwage chooni. Uliza katika famasia ya kituo chako kama zinapokelewa. Na kliniki ya shinikizo au kisukari usiikose, kwa kuwa hakuna tiba ghali kwa mazingira na kwa familia kama ile ya figo zilizoshindwa. Usafishaji damu hutumia zaidi ya lita 100 za maji kwa kila awamu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki.

Limebaki swali la mahali pa kumweka mtaalamu huyu. Akiwekwa chini ya idara ya usafi, wataalamu wa tiba hawatamsikiliza. Akiwekwa katika uhusiano wa umma, atatengeneza mabango. Kwa maoni yangu awe chini ya mganga mfawidhi moja kwa moja, awe na kiti katika kamati ya manunuzi na ile ya dawa na tiba, na awe mtu aliyewahi kufanya kazi wodini. Hospitali isiyo na fungu la kuajiri inaweza kuanza kwa kumpa muuguzi, mfamasia au afisa afya wa mazingira siku moja kwa wiki iliyoandikwa katika ratiba ya zamu, si jukumu la ziada juu ya mengine. Mezi mitatu ya mwanzo apewe kazi mbili tu: kupima taka za kila wodi kwa mizani, na kusoma ankara za umeme, maji na dizeli za mwaka uliopita.