Je, Wajua? Mungu wa kike ndani ya pochi

Je, wajua kwamba neno la Kiingereza "money" ni jina la mungu wa kike? Limetokana na Moneta, lakabu ya Juno, malkia wa miungu ya Warumi na mkewe Jupiter.

Je, wajua lakabu hiyo iligeukaje kuwa pesa? Mwaka 344 KK Juno Moneta alifunguliwa hekalu juu ya kilima cha Capitolium, Roma, kutimiza nadhiri ya jemadari Lucius Furius Camillus. Baadaye karakana ya kufua sarafu ikawekwa papo hapo, jirani na hekalu. Karakana ikaitwa moneta, na mwishowe sarafu zenyewe zikaitwa hivyo hivyo.

Ushahidi upo. Mwaka 46 KK Titus Carisius alitoa sarafu ya fedha yenye kichwa cha Moneta upande mmoja, na jina lake pembeni. Igeuze uone nyundo, koleo na fuawe. Mimi sijui sarafu ya kale inayonigusa kuliko hii: kazi ya fundi imechongwa juu ya kitu alichokifua mwenyewe.

Je, wajua maana ya Moneta? Warumi walilihusisha na kitenzi "monere", kuonya. Cicero, mwandishi wa Kirumi, ameandika katika kitabu chake kimoja habari za sauti iliyosikika kutoka hekalu la Juno baada ya tetemeko la ardhi, ikiagiza atolewe kafara nguruwe mwenye mimba. Katika kitabu hicho hicho anahoji: tangu nguruwe yule, Moneta ametuonya nini tena? Wanaisimu wa leo nao hawajaafikiana kuhusu asili ya jina hilo.

Je, wajua kwamba Waingereza walilipokea neno hili mara mbili? Kwanza lilipitia lugha za Kijerumani za kale, likazaa "mint", yaani kiwanda cha sarafu. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, likaja tena kwa njia ya Kifaransa, safari hii likiwa "money".

Na sisi je? Mnamo 211 KK Warumi walianza kufua denarius, sarafu ya fedha iliyokuwa na thamani ya asi 10, sarafu zao za shaba. Jina lake likapita kwa Wagiriki, likafika kwa Waarabu, na kutoka kwao Waswahili tukapata dinari. Kuwait, Bahrain na Iraki wanaitumia hadi leo.