SHUJAA ALIYEVAA UJASIRI WA KUAZIMA
Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya ukataji wa miti wala madhara ya dawa za kulevya, kwani mada hizo zimechemshwa katika jarida letu hadi zikalainika kama matumbo ya sherehe. Nataka kueleza jambo ambalo wavulana wengi wa shule hii hulijua kwa vidole kuliko kwa maneno, yaani namna hadithi za gemu zinavyotuchorea mwanamume.

Walimu watanisamehe. Najua neno gemu likitajwa wengi wao huona tu vile vibanda vya karibu na stendi: televisheni moja, vijana sita wamebanana kwenye benchi, na pesa za nauli zinayeyuka. Huko, kusema kweli, ni kandanda na ngumi tu. Lakini ziko gemu za aina nyingine, za njozi, ndefu kama riwaya. Zina wahusika, ploti, taharuki na dhamira, na mchezaji huweza kukaa nazo saa arubaini kabla hajafika mwisho wa hadithi. Mimi nimechagua moja tu, Final Fantasy VII, na ninakuonya mapema kwamba nitaitoboa siri yake yote. Asiyetaka kuharibiwa utamu afunue ukurasa wa vitendawili.

Gemu hii ilitolewa na kampuni ya Square ya Japani mwaka wa 1997 kwa mashine ya PlayStation, ikiwa katika diski tatu. Mwongozaji wake alikuwa Yoshinori Kitase, na aliyechora wahusika ni Tetsuya Nomura. Mwaka wa 2016 ilifikishwa kwenye simu za Android, na huko ndiko nilikoichezea mimi, kwenye simu ya binamu yangu yenye ufa kutoka kona hadi kona. Mwaka wa 2020 na 2024 sehemu za hadithi hiyo zilitengenezwa upya zikiwa na picha za kung'ara, lakini ninayoieleza hapa ni ile ya kwanza.

Hadithi inaanzia Midgar, jiji lililojengwa juu ya sahani kubwa za chuma. Wenye nacho wanaishi juu, maskini wanaishi chini ambako jua halifiki. Kampuni moja, Shinra, imelishika jiji zima. Inanyonya kutoka ardhini nishati iitwayo mako, na kumbe nishati hiyo ndiyo uhai wenyewe wa sayari. Kuna kikundi kidogo cha waasi wanaolipua mitambo ya kampuni. Kiongozi wao ni Barret, pande la mtu ambaye mkono wake mmoja ni bunduki. Nao wamemkodi kijana wa miaka ishirini na mmoja, Cloud Strife, mwenye nywele za manjano zilizosimama kama miiba ya nungunungu na upanga unaokaribia kimo chake.

Huyo Cloud sasa! Anajiita askari wa daraja la kwanza wa zamani katika SOLDIER, kikosi cha wababe wa Shinra. Hacheki. Anajibu kwa mabega. Barret akimweleza kwamba sayari inakufa, yeye anasema hayamhusu, anataka malipo yake ya gil 1,500. Wakimtaka kwa kazi ya pili anadai 3,000, na Barret analalamika kwamba pesa hizo ni za masomo ya Marlene, binti yake mdogo. Wanaafikiana kwa 2,000. Mimi nilipofika hapo nilicheka, maana hata mwisho wa dunia ukikaribia bado karo iko palepale.

Tangu mwanzo, basi, tunaonyeshwa wanaume wawili. Mmoja anapiga kelele kwa ajili ya ndoto yake ya kuuokoa ulimwengu, na mwingine ameganda kama barafu. Mchezaji wa umri wetu atamchagua nani? Wengi wetu tulimtaka Cloud. Si ndivyo tunavyofunzwa? Mwanamume ni kujikaza. Jikaze kisabuni! Asiyeonyesha kitu usoni ndiye jamaa. Waandishi wa gemu hii walilijua hilo vizuri, wakatutegea mtego.

Dalili za kwanza za mtego huo zimefichwa ndani ya vichekesho. Rafiki yake wa utotoni, Tifa, yumo nyumbani kwa tajiri mmoja mchafu aitwaye Corneo, ambaye haruhusu wanaume kuingia. Itabidi Cloud avae rinda ili amwokoe. Anahitaji pia nywele za bandia. Anazipata wapi? Katika ukumbi wa mazoezi uliojaa wanaume wa misuli, kwa kushindana nao kuchuchumaa na kuinuka! Mwalimu akiuliza mfano wa kinaya katika mtihani nitampa huo. Misuli yote ile inatumika kushindania wigi.

Dalili ya pili ni nzito zaidi. Katika mji mdogo wa Kalm, Cloud anawakalisha wenzake chumbani na kuwasimulia yaliyotokea miaka mitano nyuma kijijini kwao Nibelheim. Hapa kuna mbinu rejeshi, ila wewe mchezaji ndiwe unayemwongoza Cloud ndani ya kumbukumbu zake. Yuko pamoja na Sephiroth, shujaa wa vita aliyeabudiwa na vijana wote. Garini kuna askari wa kawaida, uso ndani ya kofia ya chuma, anasumbuliwa na kichefuchefu. Cloud anamwambia kwamba yeye hajawahi kuugua safarini. Kisha Sephiroth anagundua kwamba alitengenezwa na wanasayansi wa Shinra, anarukwa na akili, na kukiteketeza kijiji. Wote chumbani wanasikiliza kwa mshangao. Tifa, aliyekuwako Nibelheim siku hiyo, ananyamaza tu, na unyamavu wake unakukera bila kujua kwa nini.

Jibu linakuja baadaye sana. Cloud amevunjika akili, hawezi kusema neno, amekalishwa kwenye kiti cha magurudumu katika mji wa Mideel. Tifa ndiye anayekaa naye, na wote wawili wanapotumbukia katika mto wa uhai wa sayari, anaingia katika kumbukumbu zake na kumsaidia kuzipanga upya. Kumbe Cloud hakuwahi kuwa katika SOLDIER hata siku moja! Aliondoka kijijini akiwa na miaka kumi na minne, baada ya kumwahidi Tifa usiku mmoja, juu ya mnara wa maji, kwamba angekuwa shujaa na kumjia akiwa taabani. Hakufaulu. Akabaki askari wa kawaida. Alipotumwa nyumbani kikazi alificha uso ndani ya kofia ya chuma ili Tifa asimtambue. Yule askari mgonjwa garini alikuwa ndiye. Na aliyekuwa daraja la kwanza, mcheshi, mwenye upanga mkubwa, alikuwa kijana mwingine aitwaye Zack Fair.

Ningependa tukae kidogo kwenye kofia hiyo. Hapa kwetu kila mtaa una kijana aliyekwenda mjini akiwa ameahidi makubwa. Miaka inapita, Krismasi inapita, harudi. Si kwamba hana nauli, anaona haya. Akirudi atakuja na viatu vya kuazima na simulizi za bosi wake, na mama yake atajua, naye atanyamaza kama Tifa. Watu wa Square walikuwa Japani na wala hawakutujua sisi, lakini walipoandika kwamba mvulana alifika mlangoni kwao akaogopa kuivua kofia, mimi nilimwona mtu ninayemfahamu.

Tena wanaeleza ubaridi ule ulikotoka. Alipokuwa mdogo Cloud aliwaona watoto wenzake wajinga na hakucheza nao. Ndani ya moyo wake alitamani sana waseme tu, "Njoo." Dharau ilikuwa ukuta wa kuficha upweke. Baadaye, mwili wake ulipoharibiwa na majaribio ya wanasayansi, alichanganya kumbukumbu zake na zile za Zack akajijengea mtu mpya, na uanaume wake wote tuliouhusudu ulikuwa wa kuazima. Hata kazi ya kukodiwa haikuwa wazo lake. Zack ndiye aliyepanga, wakiwa njiani wakitoroka, kwamba wakifika Midgar watafanya kazi yoyote ya malipo.

Lakini ajabu ni hii. Usiku wa moto wa Nibelheim, Sephiroth alikuwa amekwisha kumshinda Zack. Aliyemkomesha ni yule askari asiye na cheo. Sephiroth alimchoma Cloud kwa upanga wake mrefu akamwinua juu, naye Cloud akaukamata upanga huo huo, akamwinua adui na kumtupa ndani ya mtambo. Kitendo chake kikubwa alikifanya akiwa si lolote mbele ya wakubwa wake. Halafu akakisahau, akabaki na kile cheo cha uongo. Hapo ndipo nilipoiweka simu chini kwa muda.

Zack mwenyewe anastahili aya yake. Mwaka wa 2007 ilitoka gemu nyingine, Crisis Core, inayomhusu yeye. Ni kijana wa shamba kutoka Gongaga, na haoni aibu kusema mbele za watu kwamba anataka kuwa shujaa. Mlezi wake kikosini, Angeal, anamfunza kuzishika ndoto na heshima. Angeal ana upanga mkubwa mgongoni lakini hautumii ovyo, anaogopa usije ukachakaa, kwa kuwa baba yake alijiua kwa kazi ili aulipie. Upanga huo ukaenda kwa Zack, kisha kwa Cloud. Zack anamtoroka Shinra akimbeba Cloud asiyejiweza. Angemwacha angekimbia haraka zaidi. Nje ya Midgar anapigana peke yake na jeshi la Shinra mpaka anauawa.

Wazee wetu wangemlinganisha na Fumo Liyongo, aliyedungwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, akafa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Tofauti niionayo ni kwamba tukimsoma Liyongo tunamtazama jitu. Final Fantasy VII inatupa kuongoza yule aliyebebwa. Zack alikuwa na ndoto na nguvu. Cloud aliachiwa ndoto bila nguvu, na hadithi inauliza mtu kama huyo ataifanyia nini.

Si kwamba gemu hii haina doa. Mwishoni mwa diski ya kwanza Sephiroth anamuua Aerith, msichana anayeuza maua, akiwa amepiga magoti akiiombea sayari. Mabinti wa chama chetu waliponisikia nikieleza waliuliza, mbona lazima msichana afe ndipo mvulana akue? Swali zuri. Nilijitetea kwamba sala yake ndiyo inayoiokoa sayari mwishoni, na kwamba Tifa ndiye anayemwokoa Cloud, tena Tifa ni mpiganaji wa mikono mitupu anayeweza kumtwanga mtu yeyote kijijini. Hawakuridhika, na wala sidhani wamekosea kabisa. Mwandishi alitaka tulie, akamtumia Aerith.

Nimerudi mara nyingi kwa Barret pia. Zamani aliishi Corel, kijiji cha wachimba makaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuunga mkono mtambo wa Shinra ujengwe kwao. Kisha Shinra wakakichoma kijiji. Mke wake akafa. Mkono wake ukaharibiwa kwa risasi. Marlene si mwanawe wa kuzaa, ni wa rafiki yake Dyne. Ukiyajua hayo, zile kelele zote za sayari, sayari, unazisikia kwa sikio lingine. Ni mtu anayelia kwa sauti ya kupigana. Na mtoto anakaa begani mwake bila hofu, karibu kabisa na ile bunduki.

Cloud alipopona aliwaomba wenzake radhi, akawaambia yeye ni nani hasa. Hawakumfukuza, bali walimrudishia uongozi. Kisha, kabla ya pambano la mwisho, kiongozi huyo anafanya jambo ambalo Cloud wa mwanzo asingelifanya. Anawaambia waende makwao. Kuiokoa sayari ni neno kubwa mno, kila mmoja akatafute anapigania nini kwa kweli. Barret anakiri kwamba kwake ni Marlene. Wanaondoka mmoja mmoja. Cloud na Tifa hawana kwao tena, kijiji kiliungua, kwa hivyo wanalala nje chini ya nyota karibu na meli yao ya angani, wakidhani kesho watakwenda wawili tu. Kunapopambazuka wanaingia melini, na Barret yumo. Wengine nao wanatokea, hata yule Vincent asiyependa kuongea na watu, na Yuffie mwizi, ambaye safari za hewani humtia kichefuchefu kama Cloud wa zamani.