Vumbi la Unyanyembe na Pumzi ya Dizeli

Misafara ya Bagamoyo na Ujiji iliyopita Unyanyembe, ndiko Tabora ya leo, ilikwenda na kalenda ya jembe. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi wao walikuwa wakulima. Walijitwisha mizigo baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Kiangazi ndicho kilichokuwa msimu wa njia, na bado ndivyo ilivyo. Kuanzia Juni mvua ya Tabora hukatika, tumbaku hupelekwa sokoni, na pikapu za dizeli hutumwa kila mahali zinakoweza kufika. Lami imefika kwenye barabara kuu nyingi za mkoa, lakini ghala la chama cha msingi, zahanati ya kijijini na mizinga ya nyuki haviko kando ya lami. Saa chache nyuma ya lori, katika miombo ya Sikonge au Kaliua, zinatosha kulifanya gari jeupe lisijulikane rangi yake.

Wenye magari wengi wakifika dukani huuliza filta ya hewa itakayolifanya gari “lipumue” na kuongeza nguvu. Kwa pikapu ya huku swali hilo limeelekezwa pasipo. Filta ya hewa Tabora haiboreshwi ili ipitishe hewa nyingi zaidi. Inaboreshwa ili ipitishe vumbi kidogo zaidi, tena ikae muda mrefu bila kufunguliwa. Ukilishika hilo, nusu ya bidhaa zilizopangwa kwenye rafu zinajiondoa zenyewe.

Tuanze na hewa yenyewe. Injini ya petroli ina mlango unaobana hewa dereva anapoachia mafuta. Dizeli ya kizamani isiyo na tabo haibani namna hiyo: nguvu inaongozwa na kiasi cha mafuta kinachopulizwa na nozeli, na hewa huvutwa kujaza silinda, gari likiwa limebeba tani moja au likirudi tupu. Chukua 1HZ, injini ya silinda sita na lita 4.2 iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za kazi. Kila inapozunguka mara mbili, silinda zote sita huwa zimejazwa mara moja. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, hata tukikubali kwamba silinda hazijai kabisa, inameza zaidi ya lita 3,500 za hewa kila dakika. Kwa saa moja ni zaidi ya mita za ujazo 200, hewa ya nyumba nzima.

Sasa tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba nyuma ya lori kila mita kumi za ujazo zina gramu moja ya vumbi. Safari ya saa tano inaleta gramu 100 mlangoni mwa injini. Filta inayozuia asilimia 99 itaachia gramu moja ipite. Inayozuia asilimia 99.9 itaachia sehemu ya kumi ya gramu. Ukisoma maandishi ya boksi utaona tofauti isiyofika asilimia moja. Ndani ya silinda ni tofauti ya mara kumi. Kwa sababu hiyo, usiulize kamwe filta inazuia kiasi gani bila kujiuliza pia inaachia kiasi gani.

Tena vumbi letu si laini. Unyamwezi umekaa juu ya miamba mikongwe ya graniti, na graniti ikimomonyoka huacha mchanga wa kwatzi. Katika kipimo cha ugumu wa mawe cha Mohs, ambacho almasi ina 10, kwatzi ina 7. Chuma cha bloku hakifiki hapo. Chembe kubwa zinazokwaruza meno ukiwa garini si hatari sana, kwa kuwa hata filta mbovu huzikamata. Hatari zaidi ni zile za mikroni 5 hadi 20, wakati unywele wa kichwa una upana wa mikroni 70 hivi. Hizi huingia katika utando mwembamba wa oili ulioko kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikasaga pande zote mbili, kisha zikashuka na oili hadi kwenye beringi za krenki. Mwenye gari haoni kitu. Baada ya misimu michache injini huanza kula oili, moshi wa bluu hutoka asubuhi, na watu husema imechoka. Injini nyingi zinazoitwa chovu zimelishwa mchanga.

Habari ya nguvu isitusumbue kwa muda mrefu. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Bagamoyo kwa zaidi ya asilimia kumi. Huo ndio upungufu mkubwa wa hewa kwenye dizeli isiyo na tabo, nao hauondolewi na filta yoyote. Filta nzima ya karatasi, ikiwa safi, hupunguza asilimia moja au mbili tu za mgandamizo wa hewa. Hata ukiing'oa kabisa hutapata nguvu ya kuhisi kwa mguu. Kama pikapu inatoa moshi mweusi mlimani ilhali filta ni safi, fundi aangalie pampu na nozeli.

Filta ya karatasi inafanya kazi kwa namna isiyodhaniwa na wengi. Haizuii kama wavu tu. Chembe nzito, hewa inapokata kona kati ya nyuzi, hushindwa kukata kona nayo na kugonga uzi. Nyingine hupita karibu mno zikanasa. Kadiri zinavyonasa, ndivyo zinavyojenga utando juu ya karatasi, na utando huo nao unachuja, kama kifumbu kinavyozidi kulisafisha tui kikishikwa na machicha. Filta mpya kabisa, katika saa zake za mwanzo, ndiyo inayopitisha vumbi jingi kuliko ile iliyokwisha kufanya kazi kidogo. Hilo limethibitishwa katika vipimo vya maabara, ambavyo leo hufuata utaratibu wa kimataifa wa ISO 5011: filta hulishwa vumbi lenye ukubwa unaojulikana, kisha hupimwa kilichozuiwa, kilichopita, na uzito wa vumbi ililobeba kabla ya kuziba.

Kwa hiyo desturi ya kupuliza filta kwa kompresa kila jioni ina madhara ya mara mbili. Inaondoa utando uliokuwa ukisaidia, na upepo wa gereji, ambao aghalabu ni bari sita au zaidi, unapasua karatasi kwa vitundu ambavyo jicho halivioni. Ukiongeza kule kuigonga filta kwenye tairi au sakafuni, ukingo wa mpira unaoziba nafasi kati ya filta na boksi lake hupinda. Kuanzia hapo vumbi halina haja ya kupita kwenye karatasi. Limepata njia ya panya. Najua filta ni ghali na duka la spea liko mbali. Asiye na budi apulize kwa upepo mdogo usiozidi bari mbili, kutoka ndani kwenda nje, bomba likiwa mbali na karatasi, kisha aingize taa ndani ya filta gizani. Nuru ikijitokeza kwa nukta moja kali, filta hiyo imekwisha.

Maboresho ya kweli yanaanza kabla ya karatasi. Kichujio cha awali cha kuzungusha hewa, ambacho hukaa juu ya mkonga, yaani bomba linalovuta hewa kutoka usawa wa paa, au ndani ya boksi la filta, kina mapezi yanayoifanya hewa izunguke kwa kasi. Chembe nzito hutupwa pembeni na kutoka nje. Karatasi inaletewa zilizobaki. Hakizuii zile ndogo za hatari, na asiuziwe mtu kichujio hicho kana kwamba kinatosha peke yake. Faida yake ni kwamba mzigo mkubwa hauifikii filta, hivyo inakaa muda mrefu bila kuguswa. Magari mengi yenye boksi la mviringo tayari yana mapezi hayo, pamoja na chuchu ya mpira chini ya boksi inayojifungua kwa mitikisiko na kumwaga vumbi. Chuchu hiyo ikikatika, wengine huliziba tundu kwa kitambaa au huliacha wazi. Likizibwa, vumbi linajaa ndani. Likiachwa wazi, injini inavuta hewa kutoka usawa wa matairi. Mpira huo ni wa bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja humu, na ningependa uwe wa kwanza kununuliwa.

Mkonga wenyewe wengi wanaufunga kwa ajili ya mito. Katika miezi ya kiangazi unasaidia vilevile, kwa sababu vumbi zito hulala chini na hewa ya juu ya paa huwa na nafuu. Lakini mkonga una viungo vingi, na kila kiungo kisichobana ni mdomo mwingine. Jaribio lake halina gharama: washa injini ya kizamani ikiwa imesimama, uzibe mdomo wa mkonga kwa ubao bapa, si kwa kiganja. Injini inapaswa kuzimika mara moja. Ikiendelea kunguruma, inavuta hewa mahali pengine. Kisha fungua mpira unaotoka kwenye filta kuelekea injini, upanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Vumbi kavu hapo ni ushahidi kwamba kuna uvujaji, na hakuna filta ya bei yoyote itakayolitibu hilo mpaka klipu zikazwe na mpira uliopasuka ubadilishwe.

Wenye boksi linalokubali filta mbili wana bahati. Filta ya nje hubeba kazi. Ile nyembamba ya ndani hulinda injini siku ya nje inapopasuka, au fundi anapoibadilisha njiani huku upepo unavuma. Ya ndani haipulizwi wala haioshwi. Huachwa mahali pake, na kwa kawaida hubadilishwa baada ya ile ya nje kubadilishwa mara tatu.

Filta za pamba zinazopakwa oili, zile zinazoahidi kudumu maisha ya gari, sizipendekezi kwa njia zetu. Zinapitisha hewa kwa urahisi, na ndiyo sababu zinapendwa kwenye mashindano. Ila uchujaji wake unategemea oili kupakwa sawasawa: ikiwa kidogo, vumbi linapita, ikizidi, matone hufuata hewa na kuchafua sensa ya hewa kwenye Hilux za kisasa. Hizo za kisasa zina tabo pia, ambalo magurudumu yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo mchanga unakula mapezi.

Oili kwenye filta si jambo geni huku. Land Rover za zamani zilikuja na filta ya bakuli la oili: hewa ilishushwa, ikageuzwa ghafla juu ya oili, vumbi likaangukia humo, kisha hewa ikapita kwenye wavu wa waya. Mafundi wa umri mkubwa bado wanaisifu kwa kuwa iliweza kusafishwa popote kwa mafuta ya taa. Sifa hiyo ni ya haki, lakini chembe ndogo zilipita, hasa injini ikienda polepole na hewa kukosa kasi ya kuzirusha. Tatizo hili lina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1915, Frank Donaldson, muuza trekta wa Minnesota, Marekani, alianza kutengeneza vichujio vya hewa kwa sababu trekta zilikuwa zikifia shambani kwa vumbi. Kampuni yenye jina lake ipo hadi leo.

Ukibakiwa na fedha kidogo baada ya hayo, nunua kipimo cha mkwamo wa hewa. Ni kidude cha plastiki kinachochomekwa kati ya filta na injini, chenye kioo na alama ya rangi. Filta ikikaribia kuziba, mvuto wa injini huisogeza alama hadi kwenye nyekundu, nayo hubaki hapo hata gari likizimwa. Kwa injini nyingi za dizeli kikomo ni mvuto wa kuinua maji kati ya milimita 500 na 635 hivi kwenye bomba. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Gari la mjini Tabora laweza kumaliza mwaka bila alama kusogea, na lile la porini likaifikisha mwisho ndani ya mwezi, kwa hiyo kilomita pekee si kipimo. Jambo moja la kuangalia: kipimo huamini kwamba hewa yote inapita kwenye filta. Kikikaa kwenye kijani msimu mzima wa masoko ya tumbaku, rudi kwenye ubao na kitambaa cheupe.

Mvua za kwanza za Novemba zikinyesha, lifungue boksi kabla ya safari ndefu. Udongo uliokauka ndani ya mkonga hulowa na kushuka, na karatasi iliyobeba vumbi la kiangazi chote, ikipata maji, huvimba na kuziba kwa saa chache. Filta mpya ya mwaka ni bora iwekwe wakati huo, boksi likiwa limepanguswa kwa kitambaa chenye unyevu na tundu la mpira wa injini likiwa limezibwa, ili unachokifuta kisiangukie kule ulikokuwa ukikizuia.