Waliostaafu warudi kwenye barafu: safari ngumu ya kuelekea Milano

Ijumaa, tarehe 17 mwezi wa kumi 2025, mji wa Angers nchini Ufaransa ulifungua mashindano ya kwanza ya Grand Prix ya patinaji ya kisanii, mchezo wa kuruka na kuzunguka kwenye barafu kwa viatu vya patini. Ni mashindano sita, yanayohama kila juma kutoka nchi moja hadi nyingine. Lakini mwaka huo kila mchezaji aliangalia mbali zaidi: tarehe 6 mwezi wa pili 2026, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ingefunguliwa Milano na Cortina, nchini Italia.

Kati ya waliotafuta nafasi hiyo kulikuwa na majina ambayo wapenzi wa mchezo huu walikuwa wameshayaaga. Kulikuwa na msichana wa Marekani aliyeacha kila kitu akiwa na miaka 16. Kulikuwa na mwanamke wa miaka 42 aliyekaa miaka 16 bila kushindana. Kulikuwa pia na Mfaransa aliyeondoka na dhahabu ya Olimpiki shingoni, kisha akaanza tena na mwenzake mpya. Wote walikutana na swali moja: mwili uliopumzika unawezaje kurudi kwenye kiwango cha dunia kabla ya siku kubwa kufika?

Alysa Liu, aliyeondoka kimya

Habari iliyozungumziwa zaidi ilikuwa ya Alysa Liu. Baba yake, Arthur Liu, aliikimbia China baada ya maandamano ya wanafunzi ya mwaka 1989, akafika Marekani kama mkimbizi, akasoma sheria na kuwa wakili katika jimbo la California. Aliwalea watoto watano. Alysa ndiye mkubwa wao.

Mwaka 2019, akiwa na miaka 13 tu, Alysa alikuwa bingwa wa Marekani, mdogo kuliko wanawake wote waliowahi kushinda taji hilo. Mwaka uliofuata alishinda tena. Alikuwa akiruka miruko ambayo wanawake wengi wazima hawakuithubutu, ukiwemo ule wa mizunguko minne hewani. Magazeti ya nchi yake yalianza kumwita tumaini la taifa, maana tangu Sarah Hughes mwaka 2002 hakukuwa na mwanamke wa Marekani aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki katika mashindano ya mtu mmoja mmoja.

Nyuma ya sifa hizo kulikuwa na maisha ya mtoto anayehama kutoka mji hadi mji akifuata makocha, huku watu wazima wakimpangia mazoezi, muziki na nguo. Alifika Olimpiki ya Beijing mwaka 2022, leo anahesabiwa wa sita, na mwezi wa tatu mwaka huohuo akapata shaba kwenye ubingwa wa dunia mjini Montpellier. Majuma machache baadaye, kwa ujumbe mfupi kwenye mitandao ya kijamii, alitangaza kwamba ameacha. Hakuwa ameumia. Alikuwa amechoka, na alitaka kuishi kama vijana wengine.

Aliishi kweli. Alienda Nepal na kupanda hadi kambi ya chini ya mlima Everest. Alianza chuo kikuu cha UCLA, akisoma saikolojia. Kwa karibu miaka miwili hakugusa barafu ya mashindano.

Mwanzoni mwa 2024 alienda na rafiki zake kuteleza kwenye theluji mlimani. Mwendo ule wa kasi ulimkumbusha kitu. Aliporudi nyumbani alitafuta uwanja wa barafu, akavaa viatu vyake, akajaribu. Kisha akampigia simu kocha wake wa zamani, Phillip DiGuglielmo. Kocha huyo amesimulia kwamba kwanza alijaribu kumshawishi asirudi, kwa kuwa alijua uzito wa njia hiyo. Msichana alishikilia neno lake, lakini kwa masharti: muziki atachagua mwenyewe, nguo atachagua mwenyewe, na kiasi cha mazoezi atakisema yeye. Kocha wa pili, Mwitalia Massimo Scali, alijiunga nao. Mwezi wa tatu 2024 dunia ikapewa habari.

Mwili unarudije?

Kwa msomaji ambaye ameuona mchezo huu kwenye televisheni tu, ni vizuri kueleza kwa nini kurudi ni kugumu.

Mchezaji anasimama juu ya chuma chembamba, anapata kasi, anaruka, anazunguka mara tatu hewani kwa muda usiofika hata sekunde moja, kisha anatua kwa mguu mmoja akirudi nyuma. Kishindo cha kutua ni mara kadhaa ya uzito wa mwili wake, nacho kinapigwa kwenye kifundo cha mguu, goti na kiuno. Mtu aliyekaa bila mazoezi anaweza kukumbuka jinsi ya kuruka, lakini mifupa na misuli yake haiko tayari tena kubeba mara mia kile ilichokibeba mara moja. Ndiyo maana wanaorudi huanza na mzunguko mmoja, kisha miwili, kisha mitatu, na mazoezi mengi yanafanyika nje ya barafu, kwenye sakafu ya kawaida.

Jambo la pili ni pumzi. Programu ndefu ya wanawake inachukua kama dakika nne, na ndani yake kuna nafasi saba za miruko. Sheria inaongeza asilimia 10 ya pointi kwa miruko mitatu ya mwisho, yaani ile inayofanywa wakati mapaja yanawaka moto. Mchezaji asiye na pumzi analazimika kufanya kazi yake yote mapema, naye anapoteza nyongeza hiyo.

Jambo la tatu ni macho ya waamuzi. Kuna wanaorudia kila mruko kwenye video. Ukipungukiwa na zaidi ya robo ya mzunguko, sehemu ya pointi inakatwa hata kama watazamaji wamepiga makofi. Ukianguka unakatwa tena. Kwa hiyo haitoshi kuruka kama zamani kwenye mazoezi. Inabidi kuruka hivyo mbele ya watu, kwa siku iliyopangwa, saa iliyopangwa.

Alysa hakukimbilia viwanja vikubwa. Alianza na mashindano madogo ya Budapest, Hungaria, mwezi wa kumi 2024, akashinda. Msimu ulipoendelea hakuwa mbele kila mara. Mwezi wa kwanza 2025, kwenye ubingwa wa Marekani mjini Wichita, alikuwa wa pili nyuma ya Amber Glenn.

Kisha ikafika Boston, tarehe 28 mwezi wa tatu 2025, ubingwa wa dunia. Mjapani Kaori Sakamoto alikuwa anatafuta taji lake la nne mfululizo. Alysa aliongoza programu fupi kwa pointi 74.58. Katika programu ndefu aliingia kwa wimbo wa Donna Summer, akaimaliza akitabasamu, akapata 148.39. Jumla ilikuwa 222.97 dhidi ya 217.98 za Sakamoto. Marekani haikuwa na bingwa wa dunia wa kike tangu Kimmie Meissner mwaka 2006.

Linalopaswa kuangaliwa vizuri ni hili: alishinda bila ule mruko wa mizunguko minne uliompa jina utotoni. Alifanya miruko ya kawaida ya wanawake wa kiwango chake, lakini safi, na programu yake ilikuwa na uhai kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliyerudi hakuwa yule mtoto wa mwaka 2019. Alikuwa mchezaji mwingine.

Miaka 42, na bado alibebwa juu

Kama Alysa alipumzika miaka miwili, Deanna Stellato-Dudek alipumzika 16. Mwaka 2000 alikuwa wa pili duniani kati ya vijana, akishindania Marekani. Kiuno chake kikaumia mara kwa mara, akaacha akiwa bado kijana mdogo, akafanya kazi ya kutunza ngozi za wateja. Mwaka 2016 akarudi, lakini si peke yake kama zamani: aliingia kwenye patinaji ya wawili, ambapo mwanamume anamrusha mwenzake na kumbeba juu ya kichwa.

Mwaka 2019 aliungana na Maxime Deschamps wa Kanada. Mwezi wa tatu 2024, mjini Montreal, wakawa mabingwa wa dunia. Yeye alikuwa na miaka 40, na hakuna mwanamke aliyewahi kushinda taji la dunia la patinaji akiwa na umri huo. Mwisho wa mwaka huo alipewa uraia wa Kanada. Karatasi hiyo ilikuwa muhimu kama miguu yake, kwa sababu kwenye ubingwa wa dunia mmoja wa wawili akiwa raia inatosha, lakini kwenye Olimpiki lazima wote wawili wawe raia wa nchi wanayoiwakilisha.

Swali hilohilo la uraia lilikuwapo pia kwa Guillaume Cizeron. Yeye na Gabriella Papadakis walishinda dhahabu ya dansi kwenye barafu huko Beijing na mataji matano ya dunia. Baada ya hapo hawakushindana tena, na mwezi wa 12 mwaka 2024 walitangaza rasmi kwamba wamemaliza. Miezi mitatu haikupita vizuri, Cizeron akatangaza kwamba anarudi na mwenzake mpya, Laurence Fournier Beaudry, mzaliwa wa Kanada, na kwamba watavaa rangi za Ufaransa. Katika dansi, wawili huhitaji miaka kuzoeana hata pumzi. Hawa walijipa miezi isiyofika 12. Angers ilikuwa Grand Prix yao ya kwanza pamoja, mbele ya watu wao.

Waliosimamishwa na maumivu, na waliosimamishwa na vita

Si wote waliosimama kwa hiari. Mjapani Yuma Kagiyama, aliyepata fedha huko Beijing akiwa na miaka 18, alipoteza karibu msimu mzima wa 2022-2023 kwa sababu ya kifundo cha mguu. Alirudi polepole, na mwaka 2024 akawa tena wa pili duniani. Mmarekani Isabeau Levito aliumia mguu msimu wa 2024-2025, akakosa ubingwa wa nchi yake, lakini huko Boston akamaliza wa nne.

Kuna pia Maxim Naumov. Wazazi wake, Evgenia Shishkova na Vadim Naumov, mabingwa wa dunia wa mwaka 1994, ndio waliokuwa makocha wake. Walikufa tarehe 29 mwezi wa kwanza 2025, ndege waliyokuwamo ilipogongana na helikopta ya jeshi karibu na Washington. Watu 67 walipoteza maisha, 28 kati yao wakiwa wa familia ya patinaji: watoto, wazazi na makocha waliotoka kambi ya mazoezi huko Wichita. Siku chache kabla, Maxim alikuwa wa nne kwenye ubingwa wa Marekani. Baada ya hapo alifanya mazoezi bila wao, akitafuta nafasi ya Milano ambayo waliizungumzia pamoja.

Warusi nao walikuwa na hesabu yao. Tangu mwezi wa tatu 2022 walifungiwa mashindano ya kimataifa kwa sababu ya vita vya Ukraine. Mwezi wa tisa 2025, mjini Beijing, wachezaji wachache waliruhusiwa kujaribu bahati bila bendera wala wimbo wa taifa. Adeliia Petrosian na Petr Gumennik walipata tiketi za Milano. Mazoezi hawakuyaacha, lakini kwa miaka mitatu hawakuwahi kupimwa na waamuzi wa nje.

Sheria mpya ya umri

Kurudi kwa watu wazima kulikuja wakati sheria ilikuwa imebadilika. Huko Beijing, dunia ilimwona Mrusi Kamila Valieva wa miaka 15 akilia kwenye barafu katikati ya kesi ya dawa zilizokatazwa. Miezi michache baadaye, shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliamua kupandisha umri wa chini wa wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17. Milano ilikuwa Olimpiki ya kwanza chini ya sheria hiyo. Mchezaji wa miaka 20 au 25 hakukutana tena na watoto wa miaka 15 wenye miili myepesi.

Hata hivyo, hakuna aliyepewa nafasi bure. Marekani ilikuwa na nafasi tatu tu za wanawake, na timu yake ingetajwa baada ya ubingwa wa nchi mjini St. Louis mwezi wa kwanza 2026. Bingwa wa dunia naye alisimama kwenye foleni pamoja na Glenn, Levito na wengine. Upande wa Japani, Sakamoto alikuwa ameshatangaza kwamba huo ulikuwa msimu wake wa mwisho, na hakutaka kuondoka mikono mitupu.

Baada ya Angers, msafara ulielekea Chongqing, China, kuanzia tarehe 24 mwezi huohuo. Alysa Liu alikuwa kwenye orodha. Angeshindana katika nchi ambayo baba yake aliikimbia miaka 36 kabla ya hapo, kwa muziki aliouchagua mwenyewe.