Chelo, Ritungu na Siri ya Sauti ya Chini

Ritungu linapopigwa katika ngoma za mkoa wa Mara, kinachotangulia kumfikia aliye mbali si maneno ya mwimbaji, bali ni mvumo mzito wa nyuzi nene. Mvumo huo ndio uwapao wachezaji mahali pa kuweka mguu.

Huko Uskoti, katika karne ya 18, kazi kama hiyo ilikuwa ya chelo, jamaa mkubwa wa fidla, apigwaye kwa uta huku mpigaji ameketi na kumbana kwa magoti. Mpiga fidla mashuhuri Niel Gow (1727–1807) alifuatana katika dansa na nduguye Donald, aliyeshika chelo. Baadaye piano iliinyang'anya ala hiyo nafasi yake, hata ikasahauliwa kuwa iliwahi kuchezewa dansa. Ilirudi polepole, mwaka 2004 Mmarekani Natalie Haas alitoa santuri ya fidla na chelo pamoja na Mskoti Alasdair Fraser.

Nyumbani, chelo iliingia katika taarabu ya Unguja. Vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa (1905) na Culture Musical Club (1958) vimeitumia pamoja na fidla na dabulbesi. Katika miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilipokumbatia vinanda vya umeme, nyuzi hizo zilikosa kazi katika vikundi vingi. Ni hasara, maana sauti ya uta hudumu na kuvimba kadiri mkono utakavyo, lakini uzi uliodonolewa, kama wa ritungu, huanza kufifia mara tu kidole kiondokapo.

Sauti ya chini hupatikanaje? Uzi mzito wa fidla, wenye urefu wa sentimita 33 hivi, hutetemeka mara 196 kwa sekunde. Ule wa chelo, wenye sentimita 69, hutetemeka mara 65 tu. Urefu ukizidishwa maradufu, mitetemo hupungua nusu. Basi kwa urefu peke yake uzi wa chelo ungetoa mitetemo kama 94. Upungufu uliobaki hutokana na uzito: uzi huzungushiwa waya wa madini.

Sanduku nalo lilikuwa na tatizo lake. Sauti iliyo chini mara tatu ingedai sanduku refu mara tatu, zaidi ya mita moja, nani angelikumbatia? Mafundi waliishia kwenye sentimita 75 hivi, wakaongeza kina cha mbavu mara nne. Hata hivyo sanduku hilo huitikia vizuri kuanzia mitetemo kama 100, si 65. Sauti ya chini kabisa hutoka dhaifu, na sikio la msikilizaji huikamilisha kwa kuzisikia sauti za juu zinazofuatana nayo.

Mwalimu wa Musoma au Bunda aweza kuonyesha hayo kwa mshipi wa kuvulia. Ufungwe kwenye msumari wa sanduku la mbao, upite juu ya vijiti viwili, kisha uning'inizwe jiwe la kilo moja. Jiwe likibadilishwa kwa la kilo nne, mitetemo huongezeka maradufu, wala si mara nne. Lirudishwe jiwe la kwanza, mshipi uzungushiwe waya mwembamba wa shaba katikati ya vijiti, udonolewe tena: sauti itashuka, ingawa urefu na jiwe ni vile vile.