Gari Linapoanza Kula Mafuta Ghafla

Gari linapoanza kula mafuta kupita kawaida yake, kasi ya mabadiliko hayo ndiyo ushahidi wa kwanza unaopaswa kuzingatiwa. Plagi huchakaa na pete za pistoni hulegea kwa miezi au miaka, na ulaji wa mafuta hupanda kidogo kidogo bila mwenye gari kushtuka. Lakini gari lililokuwa likienda kilomita 12 kwa lita moja, likashuka hadi kilomita 9 ndani ya wiki mbili, kwa kawaida lina kitu kilichoharibika, kilichoganda, kilichoondolewa au kilichobadilishwa karibuni. Kwa wenye magari wa Hanga, kata iliyoko Wilaya ya Namtumbo, swali la nini kimebadilika lina uzito wa pekee, kwa sababu gari lile lile hukimbia kwenye lami ya kwenda Songea mjini, hukwama kwenye tope la masika, hubeba magunia ya mahindi baada ya mavuno, na katikati ya hayo yote hupita mikononi mwa mafundi kadhaa.

Kabla ya kufungua boneti, hata hivyo, ni lazima ithibitishwe kwamba ulaji umeongezeka kweli. Madereva wengi hununua mafuta kwa fedha, si kwa lita, na hupima gari kwa umbali unaofikiwa na mafuta ya shilingi elfu ishirini. Kipimo hicho hakitegemeki, kwa kuwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei inapopanda, elfu ishirini ile ile hununua lita chache zaidi. Gari huonekana limeharibika ilhali kilichobadilika ni bei. Mshale wa mafuta nao hushuka kwa mwendo usio sawa kutokana na umbo la tenki. Njia ya kuaminika ni kujaza tenki mpaka pampu ikatike yenyewe, kuandika kilomita zilizo kwenye dashibodi, kulitumia gari kama kawaida, kisha kurudi kwenye pampu ile ile na kujaza tena mpaka ikatike. Kilomita zilizosafiriwa zikigawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili, jibu ndilo umbali unaokwenda kwa lita moja. Kwa mfano, kilomita 360 kwa lita 30 ni kilomita 12. Kipimo kirudiwe angalau mara mbili, kwani safari moja yenye mzigo mkubwa hutosha kuyumbisha hesabu.

Matairi nayo huweza kudanganya. Mwenye gari aliyefunga matairi makubwa zaidi ili gari liinuke juu ya matope huenda asijue kwamba sasa mzunguko mmoja wa gurudumu unafunika ardhi zaidi, hivyo dashibodi inahesabu kilomita pungufu ya zile zilizosafiriwa, na sehemu ya ulaji anaoulalamikia ni kosa la kuhesabu. Upepo mdogo ni jambo jingine: kwa makadirio ya Wizara ya Nishati ya Marekani, kila kipimo kimoja cha upepo, kinachoitwa PSI, kinachopungua kwenye matairi yote manne huongeza ulaji kwa takriban asilimia 0.2. Upungufu wa PSI 10 kwa hiyo huleta asilimia 2 tu, hasara inayostahili kuondolewa lakini isiyotosha kueleza kushuka kutoka kilomita 12 hadi 9. Hata filta ya hewa, ambayo katika vumbi la kiangazi hulaumiwa kabla ya kitu kingine chochote, ina hatia ndogo kuliko inavyodhaniwa: katika injini za petroli zenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, filta iliyoziba hupunguza nguvu za gari zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, tofauti na injini za zamani za kabureta.

Breki inayobana ni mshukiwa mzito zaidi. Tope na vumbi huingia kwenye pini ambazo kaliperi huteleza juu yake, pini zikaganda, na pedi zikabaki zimeigusa diski hata baada ya dereva kuondoa mguu. Baada ya mwendo wa kilomita chache usio na breki za nguvu, kiganja kikisogezwa karibu na rimu bila kuigusa, gurudumu linalobana hutambulika kwa joto kali kuliko la mwenzake wa upande wa pili. Likiinuliwa kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono, hukataa kuzunguka kwa wepesi.

Lakini chanzo kinachostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko vyote ni themostati, kwa sababu mara nyingi haikuharibika bali iliondolewa kwa makusudi. Themostati ni vali ndogo inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie joto la nyuzi 82 hadi 88 hivi. Injini ikichemsha, mafundi wengi huing'oa, na wengine huamini kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Joto hushuka, mteja huondoka ameridhika, ilhali rejeta iliyoziba au feni iliyokufa imebaki vile vile. Tangu siku hiyo maji huzunguka kwenye rejeta muda wote, sensa ya joto huiarifu kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi, na kompyuta, ikifuata ilivyopangwa, huendelea kuongeza petroli; katika magari mengi ya gia za otomatiki, gia ya juu nayo huchelewa kuingia. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na baridi ya Juni na Julai huko ni kali, kwa hiyo madhara haya huonekana wazi zaidi kuliko Dar es Salaam, ingawa hata Pwani injini inahitaji joto lile lile. Dalili yake ni mshale wa joto usiofika katikati, au taa ya buluu inayochelewa kuzimika. Ni utaratibu unaopaswa kuachwa kabisa katika gereji zetu, maana unamwokolea mteja gharama ya siku moja na kumtoza kila anapofika kituo cha mafuta.

Sensa ya oksijeni, iliyofungwa kwenye bomba la moshi, hupima iwapo petroli na hewa vimechanganyika kwa uwiano unaofaa, ambao ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Ikifa, au ikivurugwa wakati masega ya sailensa yanapokatwa ili yauzwe, kompyuta hukosa mwongozo na kwa kawaida huelemea upande wa petroli nyingi. Taa ya injini huwaka na moshi hunuka petroli. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ni msaada mkubwa hapa, mradi fundi asiishie kwenye namba ya hitilafu tu: asome pia joto la maji baada ya robo saa ya mwendo, kwani likiwa bado nyuzi 60, themostati imeshajieleza.

Hubaki mafuta yenyewe. Uchakachuaji wa petroli na dizeli kwa mafuta ya taa ulienea kiasi cha EWURA kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya itoweke. Shaka ya aina hii ina kipimo chake: gari lijazwe kwenye kituo kingine kwa matenki mawili mfululizo, kwa hesabu ile ile ya kilomita na lita, na kama kilomita 9 hazikurudi kuwa 12, mwenye gari arejee kwenye rimu na themostati.